Simu kutoka Ng'ambo

Simu ililia katika kituo cha polisi cha Wexley alasiri ile tufani ya theluji ilipoanza, na aliyeipokea ni Sajini Lyle Doerksen, mkuu wa kituo. Konstebo Verna Nepoose alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango akifunga kamba za buti, zamu yake imekwisha. Alisikia maneno ya upande mmoja tu.

"Polisi Wexley... Ndiyo, mama... Amekunywa?... Hapana, nisikilize, nimekuuliza amekunywa?" Lyle alikuwa akimenya chungwa, simu ameibana kwa bega. "Sasa mama, mtu mzima katoka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Baridi ikimzidi atarudi. Akirudi mwambie alale... Haya. Haya, mama. Kwaheri."

Akaweka simu chini.

"Nani huyo, afande?" Verna aliuliza.

"Wa ng'ambo. Kuna mlevi wao mmoja katoka kupunga upepo." Lyle alitupia kipande cha chungwa mdomoni, akacheka. "Katika hali hii! Hawa watu wako, Verna, pombe yao ina joto kuliko jiko langu."

Verna naye akacheka, kile kicheko kidogo cha puani alichokuwa amejifunza kukitoa tangu aajiriwe. Ng'ambo ni ng'ambo ya mto, kwenye ardhi ya Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi ile, na huko ndiko alikozaliwa. Mjini Wexley hakuna aliyeitaja sehemu ile kwa jina lake. Mtu akiibiwa dizeli, ni wa ng'ambo. Mlango wa duka ukivunjwa, ni wa ng'ambo. Hata Verna mwenyewe, akiwa amevaa sare, ulimi wake ulilizoea neno hilo.

Na Lyle hakuwa mtu mbaya kwake. Wakati hakuna aliyetaka kumwona mwanamke wa Kikrii nyuma ya kaunta ile, Lyle ndiye aliyemwekea kiti. Mama yake Verna alipokuwa akikata roho katika hospitali ya mji mkubwa, Lyle alimwendesha barabara nzima ya barafu, akakaa naye kwenye korido kama baba. Mtu aliyekufanyia hayo, maneno yake machache unayameza.

Verna alitazama dirishani. Duka lililo mkabala na kituo lilikuwa limefutika, upepo unatembeza theluji barabarani kama moshi.

"Nipitie kule nikaangalie?" aliuliza.

"Kwa barabara ipi? Utumbukie mtaroni, halafu mimi ndiye nije nikutoe. Nenda nyumbani, binti. Zamu yako imekwisha."

Akaenda nyumbani. Akamenya viazi, akavichemsha, akala. Upepo ulivuma, na yeye akalala.

* * *

Asubuhi, tufani imetulia na jua linawaka juu ya weupe usio na mwisho, mkulima mmoja aitwaye Metro Hrynchuk, mwenye shamba upande wa mjini karibu na daraja, alipiga simu kuomba ambulensi. Amemkuta mtu kwenye banda la ndama, alisema. Yu hai, lakini si sana.

Mtu huyo alikuwa Elroy Okemow, na Elroy ni mtoto wa Mama mkubwa Clementine, dada wa mama yake Verna. Kwa Wakrii huyo si binamu, ni kaka, na Verna hakuwahi kumwita vinginevyo. Walilala kitanda kimoja utotoni, miguu ya huyu usoni kwa yule. Elroy alikuwa bingwa wa mbio za magari ya farasi, wale farasi wafupi wanaofungwa wawili wawili. Kila kiangazi watu wa pande zote mbili za mto walikuwa wakimshangilia, ingawa jukwaani hawakukaa pamoja. Miaka ya karibuni aliugua kisukari, na pombe alikuwa hajaigusa tangu mwanawe wa kwanza azaliwe.

Verna alizisikia habari zile akiwa amesimama katikati ya kituo na kikombe cha kahawa mkononi. Alimgeukia Lyle. Lyle alikuwa anatazama mashine ya kahawa.

"Jana," Verna alisema. "Ile simu."

"Kulikuwa na simu nyingi jana."

"Afande, nani alipiga?"

"Sikumbuki jina." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Hakusema vizuri. Alikuwa analia."

Hospitali waliokoa maisha ya Elroy. Vidole vya mkono wa kushoto walivikata karibu vyote, na vya mguu mmoja pia. Habari zikavuka mto mara mbili. Mjini zilifika hivi: mlevi wa ng'ambo amepotea, mzee Metro kamwokoa, Mungu ambariki Metro. Ng'ambo zilifika hivi: Clementine alipiga simu polisi, akaambiwa mtoto akalale.

Siku hiyohiyo Clementine alipika supu ya kulungu kwenye sufuria yake ya bluu, akampelekea Metro kwa mkono wake mwenyewe, kumshukuru. Kisha akarudi, akachukua kiti cha kukunja kile cha kuvulia samaki kwenye barafu, akaenda akaketi katikati ya daraja.

* * *

Daraja lile ndilo pekee. Malori ya ngano hupita hapo kwenda kwenye maghala yaliyo kando ya reli. Siku ya kwanza Clementine alikuwa peke yake, na madereva wakadhani ni kichaa cha baridi. Kufikia mwisho wa juma kulikuwa na hema, pipa la kuchomea kuni, pikapu zimeegeshwa kuziba barabara, na upande wa mjini wakulima wamesimama wakivuta sigara na kutukana.

Mji mkubwa ulimtuma Inspekta Pruitt, mwanamke mkavu mwenye miwani, aje kuchunguza. Alikaa kwenye chumba cha nyuma cha kituo na kuwaita watu mmoja mmoja. Lyle aliitwa wa kwanza. Alipotoka alimsogelea Verna penye makoti.

"Nimemwambia alipiga mwanamke amelewa, hakutaja jina wala tatizo," alisema. "Nawe ulikuwa umeshaondoka."

"Sikuwa nimeondoka, afande."

"Ulikuwa unafunga buti. Ni kama umeondoka." Alimwekea mkono begani. "Verna. Nastaafu mwaka huu. Sikuombi useme uongo. Nakuomba usiseme kitu."

Verna hakusema kitu. Aliona jinsi ilivyo rahisi. Mdomo ulikuwa umefungwa tangu zamani, haukuhitaji hata kufungwa upya.

Kesho yake Lyle alimtuma darajani akazungumze na watu waondoe magari. "Wewe watakusikiliza," alisema, kama mtu anayemtuma paka akazungumze na chui kwa kuwa wote wana kucha.

Alitembea kutoka upande wa mjini, buti zikilia juu ya theluji kavu. Wakulima walimpisha. Mmoja akasema nyuma yake, kwa sauti ya kusikika, "Haya, amekwenda kwa ndugu zake, tutamwona tena wakati wa kupanda." Wengine wakacheka.

Upande wa pili hawakucheka. Kijana mmoja mrefu alipiga kelele, "Jamani, polisi kafika! Ametumia siku ngapi? Tungempigia simu kuhusu theluji ya mwaka jana angekuja leo!"

"Nyamaza, Darcy," Clementine alisema, na Darcy akanyamaza. Mama mkubwa alikuwa mwanamke mdogo, amejifunga mablanketi mpaka kidevuni, pua nyekundu. Alimtazama Verna kuanzia kofia mpaka buti. "Umekuja wewe, au imekuja hiyo bastola kiunoni?"

"Nimekuja mimi, mama mkubwa."

"Basi kaa."

Hapakuwa na kiti. Verna alichuchumaa karibu na pipa la moto.

"Wanasema nililewa," Clementine alisema. "Mimi! Mara ya mwisho nilionja bia kwenye harusi yangu na sikuipenda, kama vile ambavyo sikumpenda bwana harusi." Watu walicheka kidogo, yeye hakucheka. "Nilimwambia yule mtu polepole, kwa Kiingereza chao. Nikamwambia jina langu. Nikamwambia mwanangu ana sukari, imeshuka, hajui alipo, ametoka bila kofia. Unajua alinijibu nini?"

Verna alijua. Alijua hata harufu ya chungwa.

"Akaniambia, akirudi mwambie alale." Clementine alifuta pua kwa kona ya blanketi. "Kama ungekuwa zamu wewe, mwanangu, najua ungekuja. Nimewaambia hawa wote. Nimesema, Verna wetu hakuwepo siku ile, angekuwepo haya yasingetokea."

Moto ulipasua kipande cha ukuni. Hapo ndipo Verna alipaswa kusema, na alifungua mdomo kabisa. Lililotoka lilikuwa hili:

"Wanataka mwondoe magari, mama mkubwa."

"Wewe je, unataka nini?"

"Sijui."

"Ukijua, njoo uniambie," mama mkubwa alisema, akageuzia uso wake motoni.

* * *

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja hospitali. Elroy alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mkono wa kushoto umefungwa bandeji hata ukaonekana kama ngumi ya bondia.

"Angalia nani huyu," alisema. "Umekuja kunikamata? Nitakupigia saluti, lakini wameniachia kidole gumba tu, itakuwa saluti ya kuomba lifti."

Verna alijaribu kucheka, akaanza kulia. Elroy alimwacha alie. Akatazama nje mpaka amalize.

"Hatamu unazishikaje kwa gumba moja?" Elroy alisema baadaye, kana kwamba ni swali la kawaida. "Nimekuwa nikifikiria. Nimewaota farasi. Wananitazama tu, wale mashetani, wanangoja."

"Unakumbuka nini kuhusu siku ile?"

"Vipande vipande. Nilikuwa nafikiri nakwenda kulisha farasi. Kisha sikuwa tena barabarani. Kisha nikaona taa." Alivuta shuka kwa mkono wa kulia. "Hili sijamwambia mama. Sijui kama ni kweli ama ni ile sukari. Niliona nyumba yenye taa, Verna. Nikagonga. Nikagonga sana, mikono haikuwa na hisia tena, nikagonga kwa kichwa. Halafu taa ikazimwa."

"Nyumba ya nani?"

"Pale kuna nyumba ngapi?"

Walitazamana. Pale ilikuwepo nyumba moja tu.

"Lakini mzee Metro ndiye aliyekufunika kwa koti lake," Verna alisema. "Ndiye aliyepiga simu."

"Ndiyo maana nasema labda niliota," Elroy alisema, akafumba macho.

* * *

Nyumba ya Metro Hrynchuk ilikuwa ya mbao, rangi imebanduka upande wa upepo. Verna alipopanda ngazi za baraza aliona sufuria ya bluu chini kando ya mlango, kifuniko chake kimeparuzika ukingoni. Alikifunua. Supu ilikuwa imeganda jiwe, karoti zimeshikwa ndani ya barafu. Haikuwa imeguswa.

Metro alifungua kabla Verna hajagonga. Mzee mpana, mjane, suspenda za suruali juu ya fulana ya sufu. Alimkaribisha jikoni, akamtilia chai, akaweka jamu ya matunda mwitu kwenye kisahani, yote hayo bila kumtazama usoni.

"Siendi tena kwenye mgahawa," alisema bila kuulizwa. "Wananilipia kahawa. Wananipiga mgongoni. Pasta alinitaja kanisani."

"Mzee Metro, kwa nini hujala ile supu?"

Mkono wake ulisimama juu ya bakuli la sukari.

"Sipendi kulungu."

"Elroy anasema aligonga."

Metro alilisukuma kando bakuli la sukari. "Alikuwa mahututi," alisema. "Mtu katika hali ile huona mambo. Konstebo, wewe umekuja hapa kwa kazi au kwa undugu? Maana kama ni kazi, nimeshaandikisha maelezo yangu."

Verna alikizungusha kikombe. Hakuwa amepanga kusema alichokisema. Kilimtoka kama damu ya pua.

"Mimi nilikuwa kituoni simu ilipopigwa," alisema. "Mama mkubwa wangu aliomba msaada, mkuu wangu akamfukuza kwa simu, nami nilikuwa nimekaa pale. Sikuuliza jina mara ya pili. Nilicheka, mzee. Halafu nikaenda kula viazi. Hujaniuliza, na hakuna anayejua, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Metro alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya bluu yenye majimaji, kama ya mtu asiyelala.

"Tangu vuli," alisema, "waliponiibia dizeli, nimekuwa nalala na bunduki. Nakaa peke yangu hapa. Nilisikia. Nikajiambia ni upepo. Lakini upepo haugongi ukapumzika, halafu ukagonga tena. Nikanyoosha mkono, nikazima taa. Nikakaa gizani kwenye kiti hicho ulichokalia. Nilimsikia akiteremka ngazi, anguko, kisha kimya. Nikasema amekwenda. Nikasema, Mungu wangu, asante, amekwenda."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nilimkuta kati ya ndama. Wale ndama ndio waliomwokoa, walimlalia. Si mimi." Sasa alikuwa analia waziwazi, uso hausogei, machozi yanashuka tu. "Nikamgeuza nikamwona ni Elroy. Masika iliyopita alikaa nami zizini tukazalisha ng'ombe, ndama kakaa vibaya, mkono wake ndani mpaka begani. Ule mkono wa kushoto. Kama angetaja jina lake, konstebo! Kama angesema tu, mimi Elroy!"

"Alishindwa, mzee."

"Najua alishindwa."

Alipotoka, Verna aliiokota sufuria. Metro alisimama mlangoni. "Iache," alisema. "Nitaipeleka mwenyewe."

* * *

Lyle alikuwa peke yake kituoni. Verna alivua kofia, akasimama mbele ya meza yake.

"Naingia kwa Inspekta, afande. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza."

Lyle aliweka kalamu chini polepole. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza zaidi Verna. Alizeeka tu pale pale, kama nyumba inayotitia.

"Nilikuwa nimechoka, binti," alisema. "Unajua ni simu ngapi zinakuja hapa. Unajua wangapi ni walevi kweli."

"Najua."

"Nilikuendesha mpaka kwa mama yako."

"Sijasahau. Sitasahau."

"Basi?"

"Basi ungeweza kumwendea na dada yake."

Lyle aligeuza uso akatazama ukuta. Aliporudisha macho yalikuwa makavu na magumu. "Ulikuwa umekaa hapo hapo, kwenye benchi lile. Nilipotania ulicheka. Mwambie na hilo."

"Nitamwambia na hilo."

Akamwambia. Inspekta Pruitt aliandika bila kuinua kichwa, na mwisho akauliza, "Kwa nini hukusema siku ya kwanza nilipofika?" "Niliogopa," Verna alisema. "Na nilimpenda." Inspekta alivua miwani akaipangusa, kisha akamwambia aende.

Hapo lilikuwa limebaki daraja, na daraja lilikuwa gumu kuliko chumba cha Inspekta. Alikwenda bila sare, amevaa koti lake la nyumbani. Clementine alimwona kwa mbali, akaanza kutabasamu, pengine akidhani mtoto amerudi upande wake.

Verna alisema akiwa amesimama, mbele ya watu wote, maana angemvuta pembeni angekuwa anaomba kufichiwa tena. Alisema alikuwepo. Alisema yote, mpaka viazi.

Hakuna aliyepiga kelele. Darcy, yule kijana mrefu, alitema mate kwenye theluji na kuondoka. Tabasamu la Clementine lilibaki usoni kwa muda, kama taulo lililosahaulika kwenye kamba, kisha likaanguka.

"Ulikuwa chumbani," alisema.

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Sauti yangu ilikuwa mle chumbani na wewe."

"Sikuisikia sauti yako. Lakini ningeweza kuuliza."

"Nimekuogesha mimi," Clementine alisema. "Nimekusuka mimi. Ungepotea njia ya nyumbani kwangu, ungeijua kwa harufu." Aliinuka kwenye kiti, mablanketi yakaanguka. "Toka. Toka kwenye daraja langu."

Verna aligeuka. Hakuwa amefika nusu alipomwona Metro Hrynchuk akija kutoka upande wa mjini, anatembea katikati ya barabara na sufuria ya bluu ameikumbatia kifuani. Wakulima walikuwa wakimshangilia. "Huyo ndiye mwanaume! Waambie, Metro! Waambie nani kamwokoa mtu wao!"

Metro alisimama katikati, akawageukia wao kwanza.

"Sikumwokoa," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini baridi ya siku ile ilikuwa kali na tulivu, na maneno yalifika. "Aligonga mlangoni kwangu, nikamzimia taa."

Kisha mkulima mmoja, jirani wa Metro kwa miaka yote, alisema, "Funga mdomo, mzee mjinga, hujui unachowapa." Mwingine alisema, "Hata mimi nisingefungua. Nani angefungua?" Mwanamke mmoja kati yao alianza kulia, mumewe akamshika mkono akamtia ndani ya gari.

Metro akaendelea kutembea mpaka kwa Clementine. Akaiweka sufuria miguuni pake.

"Sikustahili," alisema.

Clementine aliitazama sufuria, akamtazama mzee. Verna, akiwa mbali, alidhani atampiga. Badala yake Clementine alikaa kitako tena kwenye kiti chake, akafunika uso kwa viganja. Metro hakuondoka. Alisimama pale bila kofia mpaka mtu mmoja, hakujulikana nani, akamsukumia gogo la kukalia.

* * *

Magari yaliondolewa darajani baada ya Lyle kusimamishwa kazi. Malori ya ngano yakapita, na madereva hawakupunga mkono. Lyle alistaafu bila sherehe, akauza nyumba, akahamia kwa binti yake magharibi. Siku ya kuhama Verna alisimama kando ya barabara. Gari lilipita, Lyle akiwa amekaza macho mbele.

Verna alibaki na kazi yake, pamoja na onyo kali kwenye faili. Mjini, mwenye mgahawa alimhudumia bila neno. Ng'ambo, watoto waliokuwa wakimkimbilia waliitwa ndani. Kila simu iliyoingia aliuliza jina, mahali, na nani mgonjwa, na alikwenda, hata kwa wale waliokuwa walevi kweli. Hakujisifu kwa hilo. Alijua ni kazi aliyokuwa akilipwa kuifanya tangu mwanzo.

Elroy alitoka hospitali. Aliuza farasi wawili, akabaki na wawili, na kila jioni alisikika uwanjani akiwatukana kwa Kikrii huku akijaribu kujifunga hatamu kwenye mkono. Metro alianza kwenda kumsaidia kulisha. Siku nyingine Elroy alizungumza naye. Siku nyingine alimwacha amesimama nje ya uzio, na Metro alikaa huko mpaka aitwe, au asiitwe.

Barafu ya mto ilipokuwa inavunjika, mlango wa kituo ulifunguliwa na Clementine akaingia. Hakuwa amewahi kukanyaga mle. Alisimama katikati, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Gari la Darcy limekufa," alisema. "Elroy ana miadi ya mkono kule mji mkubwa, ametangulia jana kwa basi. Nataka kuwepo daktari anapoongea, maana yeye huniletea uongo. Kuna mtu wa kunipeleka?"

"Nipo mimi, mama mkubwa."

"Sitaki mazungumzo."

"Sawa."

Waliondoka. Mashamba yalikuwa yanatoa weusi wake chini ya theluji iliyobaki, maji yamesimama mitaroni. Clementine alitazama dirisha lake, Verna akatazama barabara. Walipita maghala, wakapita makaburi ya kanisa la Kiukreni, wakapita mahali ambapo simu huacha kushika mtandao. Verna alisikia pumzi ya mama mkubwa, ile pumzi yenye filimbi kidogo aliyoijua tangu utotoni, akajizuia asiseme kitu.

"Unaendesha kama bibi kizee," Clementine alisema baada ya muda mrefu.

"Barabara ina mashimo."

"Mashimo nayaona. Nina macho." Alifungua mkoba, akatafuta, akatoa leso, akaufunga. "Sijakusamehe, usije ukadhani."

"Najua."

"Sijui kama nitaweza. Nimemuuliza Mungu, naye hajanijibu. Labda naye yuko kwenye benchi anafunga buti."

Verna hakujua kama acheke. Hakucheka.

"Yule mzee angalau huja," Clementine aliendelea, bado anatazama dirisha. "Anafukuzwa, anakuja. Anakera, lakini anakuja. Wewe tangu darajani sijakuona."

"Uliniambia nitoke, mama mkubwa."

"Nilikuambia utoke kwenye daraja," Clementine alisema. "Haya, angalia mbele, kuna lori."